Klabu ya hisabati ya Jumamosi isiyolipisha watoto: tuichangie kwa njia gani ili isife?

Mhasibu wa Ngamiani (Tanga)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo mimi na wenzangu tisa wa kikoba chetu hapa Tanga tumelijadili kwa vikao vitatu bila kuafikiana. Mtaani kwetu wapo vijana wawili, mmoja akiwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya msingi na mwingine mhitimu wa chuo ambaye bado hajapata ajira, ambao kwa mwaka mmoja na nusu sasa wamekuwa wakiendesha klabu ya hisabati kila Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, kwa watoto wa darasa la nne hadi la saba, bila kumtoza mzazi hata shilingi mia. Walianza na watoto 14. Jumamosi iliyopita nilipokwenda kujionea niliwahesabu 51, wamebanana watano watano kwenye madawati ya watatu.

Nilitarajia kukuta tuisheni, yaani mwalimu ubaoni na watoto wakinakili. Sikukuta hivyo. Kila kundi lilikuwa limepewa vizibo vya soda na swali moja tu: watoto saba wakipeana mikono, kila mmoja na kila mwenzake mara moja, mikono itapeanwa mara ngapi? Binti mmoja wa darasa la tano alipanga vizibo vyake sakafuni kwa duara, akasema kila kizibo kina wenzake sita, akazidisha, akaandika 42 kwa chaki. Kisha akaanza kuchora mstari kutoka kizibo hadi kizibo ili amthibitishie mwenzake, na katikati ya kuchora akasita. Akalifuta jibu lake kwa kiganja kabla ya mtu yeyote kumwambia kwamba amekosea. "Nikikupa mkono na wewe umenipa," alisema, "kumbe ni mkono uleule." Akaandika 21. Nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka kumi na tisa na nimewaona watu wazima wakihesabu malipo yaleyale mara mbili bila kusita hata kidogo.

Basi kikoba kimetenga shilingi 1,200,000 kutoka kwenye faida ya mwaka, na zaidi ya hapo kila mwanachama yuko tayari kutoa 5,000 kwa mwezi. Ugomvi wetu ni matumizi. Wapo wanaotaka tununue kompyuta na projekta, wapo wanaotaka fulana na bango lenye jina la kikoba, na mmoja anasisitiza kwamba tuweke zawadi ya fedha kwa mtoto wa kwanza hadi wa tatu. Tena yupo mama mmoja, mwenye busara kwa kawaida, anayesema wazazi watozwe angalau shilingi 500 kwa Jumamosi, kwa kuwa cha bure hakithaminiwi. Vijana wenyewe nilipowauliza wanahitaji nini walijibu kwa aibu kwamba wanahitaji "chochote mtakachojaliwa", jibu ambalo halinisaidii kuandaa bajeti. Aliyewahi kuendesha au kuchangia jambo la namna hii anisaidie.

Mwalimu Mstaafu (Dodoma)

Ndugu Mhasibu, nimefundisha hisabati katika shule za msingi kwa miaka thelathini na mmoja, na kati ya hiyo nimekuwa mlezi wa klabu tatu za aina unayoieleza. Mbili zilikufa. Nitakueleza kwanza kifo cha moja, kwa sababu kilisababishwa na mfadhili mwenye nia njema kabisa.

Tulikuwa na watoto wapatao thelathini, tukikutana chini ya mwembe mchana baada ya masomo. Akaja mfadhili, akafurahi, akatuletea kompyuta sita. Kompyuta haziwezi kukaa chini ya mwembe, kwa hiyo tukahitaji chumba. Chumba kikahitaji nondo madirishani. Nondo zikahitaji mchango. Na ufunguo ukahitaji mtu wa kuutunza, ambaye Jumamosi alikuwa shambani kwake. Katika muda wa mihula miwili watoto walikuwa wanafika, wanakuta mlango umefungwa, wanacheza mpira, wanarudi nyumbani. Kompyuta zikaishia stoo zikiwa zimefunikwa kanga. Mwembe ulikuwa bado upo, lakini hakuna aliyetaka kurudi chini ya mwembe baada ya kuahidiwa kompyuta.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba msinunue kitu chochote kinachohitaji kulindwa. Nunueni vitu vinavyoliwa, vinavyoandikiwa na vinavyoisha.

Anzeni na uji. Mtoto anayetoka nyumbani saa mbili asubuhi bila kifungua kinywa atafikiri vizuri mpaka saa nne, na baada ya hapo atafikiria tumbo lake. Kwa watoto hamsini, kilo mbili za unga, kilo moja na nusu ya sukari na mkaa wa kupikia vinatosha kumpa kila mmoja kikombe. Wewe ni mhasibu, bei za sokoni Tanga unazijua kuliko mimi, lakini sidhani kama mtazidi 12,000 kwa Jumamosi moja. Fuata nauli ya wale vijana wawili. Watu wengi hudhani kwamba kijana anayejitolea hagharimu kitu, ilhali kila Jumamosi anatoa nauli mfukoni mwake, ananunua chaki, anapiga chapa maswali, na siku anapopata kibarua cha Jumamosi atakwenda kwenye kibarua, wala hatakuwa na kosa. Klabu yangu ya pili ilikufa hivyo, bila ugomvi wala kashfa. Mwezeshaji alipata kazi ya kuuza vocha siku za mwisho wa wiki na hakuwa na namna ya kuikataa.

Ile 1,200,000 ukiigawa kwa miezi 24 ni 50,000 kwa mwezi, na michango ya watu kumi ni 50,000 nyingine. Laki moja kwa mwezi, kwa miaka miwili, bila kukosa hata mwezi mmoja, ina nguvu kuliko projekta. Uji na nauli havitafika 60,000. Kinachobaki kiwe posho ndogo ya vijana na gharama ya karatasi.

Kuhusu vifaa, tafuteni bao. Wazee wa pwani hamjaishiwa na bao, na mtu akistaafu kucheza hukubali kuliazima. Bao lenu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sijapata kuona kifaa cha kufundishia kilicho bora zaidi ambacho kimekaa barazani miaka yote hiyo bila kuingia darasani. Niliwahi kuwapa watoto swali hili: weka kete moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, kila shimo mara mbili ya lililotangulia, kisha uniambie kete zitakwisha kwenye shimo la ngapi. Wote walibashiri kwamba watafika angalau mstari wa pili. Shimo la sita likameza 32, na mkononi ikabaki kete moja. Mtoto mmoja aliyekuwa haongei darasani aliitazama ile kete, akaniomba aanze upya kwa kete 32 tu, akabakiwa na moja. Akaanza kwa 16, akabakiwa na moja. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayedhani ameibiwa: "Kwa nini inabaki moja kila mara?" Sikumjibu. Alikuja na jibu wiki mbili baadaye, akiwa amelichora kwa mkaa nyuma ya boksi la sabuni. Na alipotaka kujua zingehitajika kete ngapi kuyajaza mashimo yote 32 kwa mtindo huo tukakaa tukazidisha pamoja hadi tukafika 4,294,967,295, na darasa zima likacheka.

Jambo la mwisho, waanzisheni karatasi ya maswali ya mwezi. Hili si wazo langu. Mwaka 1894 mwalimu wa Hungaria aitwaye Dániel Arany alianzisha jarida la maswali ya hisabati kwa wanafunzi wa sekondari, KöMaL, ambalo linachapishwa hadi leo. Wanafunzi walitatua maswali nyumbani kwa mwezi mzima, wakatuma majibu kwa posta, na majina ya waliopata yakachapwa. Paul Erdős, aliyekuja kuwa mwanahisabati mashuhuri, alikuwa mmoja wa watoto waliotuma majibu hayo. Karatasi moja yenye maswali matano, iliyopigwa chapa kwa Kiswahili na kubandikwa pia kwenye duka la mtaani, itamfikia hata mtoto ambaye Jumamosi hulazimika kubaki nyumbani kulea mdogo wake.

Mzazi wa Watatu (Mwanza)

Ninamheshimu sana Mwalimu, lakini naomba niseme yale ambayo wazazi wengi tunayafikiri na hatuyasemi kwenye vikao.

Mwanangu wa kwanza alikuwa kwenye klabu ya namna hiyo. Alirudi nyumbani akinieleza mafumbo ya mbuzi, chui na majani, nikafurahi, kisha akaenda kwenye mtihani akashindwa kugawanya kwa njia ndefu. Tusidanganyane: kwenye matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu somo la Hisabati. Watoto wetu hawaanguki kwa kukosa mafumbo. Wanaanguka kwa sababu hawajui jedwali la kuzidisha, hawajui sehemu, na wakifika kidato cha kwanza wanakuta kila walichofundishwa kwa Kiswahili kinasemwa kwa Kiingereza, kiasi kwamba mtoto anayeijua vizuri namba tasa haitambui inapokuja na jina jingine. Kama kikoba kina 1,200,000, kwa nini fedha hizo zisinunue vitabu vya mazoezi na kumlipa mwalimu mzoefu aandae watoto wa darasa la saba?

Na kuhusu malipo, yule mama wa kikobani ana hoja. Bure ghali, walisema wahenga. Mzazi asiyetoa kitu hamhimizi mtoto kuamka.

Atieno wa Kisumu

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Naomba niingie hapo kwenye suala la malipo kwa kuwa tumelipitia.

Huku Maseno, si mbali sana na Kisumu, kambi za hisabati kwa wanafunzi wa sekondari zilianza mwaka 2011, na nilibahatika kusaidia kwenye mojawapo nilipokuwa chuoni. Wanafunzi walikaa wiki nzima wakicheza michezo ya mantiki, wakivunja misimbo ya siri na kutumia kompyuta kuchora maumbo ya jiometri, na hakuna aliyeulizwa alipata alama gani shuleni. Nilipohitimu, mimi na wenzangu tukaanzisha klabu ndogo ya wanafunzi wa msingi mtaani kwetu, nasi tukashawishika kutoza shilingi ishirini za Kenya kwa kila kipindi, kwa hoja hiyohiyo ya kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Katika muda wa mwezi mmoja watoto walipungua kutoka 38 hadi 23. Tulipoipitia orodha tuliona kwamba waliotoweka si wavivu. Walikuwa ni wale wenye ndugu wengi, kwa sababu mama mwenye watoto watatu alilazimika kuchagua mmoja wa kumlipia, na mara nyingi aliyechaguliwa alikuwa mvulana. Wasichana walikuwa 17, wakabaki sita. Tuliondoa ada, lakini ilituchukua muhula mzima kuwarudisha, na baadhi yao hawakurudi.

Ikiwa mnataka mzazi ajione ana sehemu, mwombeni zamu. Mama huyu apike uji Jumamosi hii, baba yule afagie darasa Jumamosi ijayo, mwingine alete kuni. Mzazi aliyekoroga uji wa watoto hamsini hatauliza tena kama klabu ina maana, maana atakuwa amesikia kelele zilizokuwa zikitoka darasani.

Zawadi za fedha kwa watatu wa kwanza naziogopa zaidi ya ada. Siku mtakapotangaza mshindi, yule binti aliyefuta 42 yake kwa kiganja ataanza kuficha makosa yake, na watoto 48 watajua kwamba mahali pale si pao. Ikiwa lazima kuwe na zawadi, basi kundi zima lililotatua swali gumu liandikwe ubaoni, na ubao usifutwe hadi Jumamosi inayofuata.

Mwalimu Mstaafu (Dodoma)

Mzazi wa Mwanza ameeleza uchungu wa kweli na sitaki kuupuuza. Mtoto asiyejua kugawanya ni lazima ajue kugawanya. Tunachotofautiana ni njia tu.

Waulize watoto swali hili la saa yetu ya Kiswahili: sasa ni saa nane mchana, baada ya saa mia moja itakuwa saa ngapi? Wa kwanza atahesabu kwa vidole na atachoka. Wa pili atagundua kwamba kila baada ya saa kumi na mbili mshale unarudi palepale, kwa hiyo raundi nzima hazina kazi na kinachotakiwa ni baki peke yake. Mia moja kwa kumi na mbili ni nane, baki nne. Nane na nne, saa kumi na mbili. Kisha muulize kama ni ya jioni au ya alfajiri, utaona anavyokurudia kwa hasira na kalamu mkononi, kwa kuwa sasa analazimika kugawanya kwa 24. Wataulizana wenyewe saa mia mbili, saa elfu, saa za mwaka mzima. Nimewaona watoto wakigawanya mara kumi na tano katika kipindi kimoja bila kujua kwamba walikuwa kwenye zoezi la kugawanya. Ningewapa mazoezi hayohayo kumi na matano kutoka kitabuni, wangefanya matatu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kuhusu Kiingereza cha kidato cha kwanza, hapo nakubaliana naye moja kwa moja. Watoto wa darasa la saba wafundishwe majina ya Kiingereza ya vitu ambavyo tayari wanavijua, katika miezi ile ya kusubiri matokeo. Ila wavijue kwanza. Jina jipya la kitu usichokijua ni kelele tu.

Mbondei wa New York

Nimezaliwa Muheza na ninaishi Marekani kwa mwaka wa kumi na mbili, kwa hiyo habari za Tanga hunigusa.

Naomba niwaonye juu yetu sisi tulio nje. Miaka mitatu iliyopita nilijaza maboksi mawili ya vitabu vya hisabati vya watoto, vizuri mno, vyenye picha za rangi, nikayatuma kwa meli kwenda shule moja ya nyumbani. Gharama ya kusafirisha na kuyatoa bandarini ilizidi thamani ya vitabu vyenyewe, na vilipofika vilikuwa kwa Kiingereza, vikizungumzia theluji na senti za Marekani. Mwalimu aliyevipokea alinishukuru kwa adabu. Baadaye niliambiwa kwamba vimewekwa kabatini ili visichakae. Kwa fedha ileile ningeweza kulipia karatasi ya maswali ya Mwalimu Mstaafu kwa miaka mingi.

Jambo moja nililolipenda hapa ninapoishi ni mradi uitwao BEAM, ulioanzishwa mwaka 2011 na mwalimu wa hisabati Daniel Zaharopol kwa ajili ya watoto wa familia za kipato cha chini wanaopenda hisabati. Huwachukua wakiwa bado shule ya kati na kuwafundisha hisabati ya kina wakati wa likizo ndefu ya kiangazi, na familia hazilipi. Nimewahi kuzungumza na mzazi mmoja, mhamiaji kama mimi, ambaye mwanawe alipita hapo. Nilitegemea anisimulie habari za alama. Yeye alinisimulia kwamba mwanawe alikuwa akidhani ni yeye peke yake duniani anayefurahia namba, na kwa mara ya kwanza alipata marafiki wa kubishana nao. Ndugu Mhasibu, watoto 51 waliobanana kwenye madawati tayari wana hicho.

Mkianza michango ya kila mwezi nitajiunga kwa kiwango kilekile cha 5,000. Sitaki kutoa zaidi, kwa sababu nisije nikapoteza kazi siku moja na klabu ikayumba kwa kunitegemea mimi.

Bi Ustawi (Morogoro)

Nitakuwa mfupi, kwani wengine wameeleza mengi. Nimefanya kazi za ustawi wa jamii na ninaona mnajadili uji na bao ilhali hakuna aliyeuliza kuhusu usalama wa watoto wenyewe.

Je, vijana wale wana barua ya mkuu wa shule inayowaruhusu kutumia darasa Jumamosi, na je, ofisa elimu kata na serikali ya mtaa wana nakala? Bila barua hiyo, siku mkuu wa shule akihamishwa klabu itaishia getini, na mtu yeyote mwenye husuda anaweza kudai kwamba ni tuisheni ya kificho. Kila mtoto awe na fomu iliyotiwa saini na mzazi, yenye namba ya simu. Wakati wote wawepo watu wazima wawili mahali watoto walipo, wala mtu mzima asibaki na mtoto mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni kwa kumfafanulia swali. Kanuni hiyo inamlinda mtoto na inamlinda kijana anayejitolea vilevile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haitofautishi kati ya anayelipwa na asiyelipwa.

Picha nazo. Wafadhili wa kikobani watataka picha za watoto wakiwa na vikombe vya uji ili wazitume kwenye makundi ya WhatsApp. Msiwape. Wapigieni picha ubao.

Kwa upande wa fedha, msianze kwa kukimbilia kusajili shirika, kwani kikoba kinaweza kubeba jambo hili kama mchango wake kwa mtaa. Ila fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, na hesabu ya mwezi ibandikwe ukutani darasani, mahali ambapo mzazi anayepika uji ataisoma. Siku mtakapoanza kupokea fedha kutoka kwa watu msiowajua, hapo ndipo mwende kwa msajili.

Mhasibu wa Ngamiani (Tanga)

Nawashukuru nyote. Niliwasomea wanakikoba majibu yenu jana jioni, neno kwa neno, na kikao kilichukua saa mbili na nusu.

Kompyuta na projekta zimeondolewa kwa kura saba dhidi ya tatu. Hadithi ya ufunguo wa Mwalimu Mstaafu ndiyo iliyowageuza watu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hadithi yake ya ufunguo. Fulana zimeondolewa pia, ingawa mweka hazina wetu, aliyekwishazungumza na fundi wa kuchapa, bado amenuna. Ada ya wazazi ilizua ubishi mrefu zaidi. Yule mama niliyewatajia alisikiliza maelezo ya Atieno kuhusu wasichana kumi na mmoja walioondoka, akakaa kimya, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe aliachishwa shule darasa la sita kwa sababu kaka yake ndiye aliyelipiwa. Hatukujua. Ndiye atakayepanga zamu za uji.

Nimepiga hesabu kwa bei za soko la Mgandini. Uji wa Jumamosi moja, pamoja na mkaa, ni 11,500; nauli ya vijana wawili kwenda na kurudi ni 2,400. Kwa Jumamosi nne inakuwa 55,600. Kupiga chapa karatasi ya maswali na kununua chaki ni 9,000. Kwa laki moja ya mwezi inabaki 35,400, ambayo tumekubaliana iwe posho ya vijana, 15,000 kila mmoja, na 5,400 iwekwe akiba kwa ajili ya miezi yenye Jumamosi tano. Nimemweleza mzazi wa Mwanza kwa ujumbe wa faragha kwamba vijana wamekubali kutenga nusu saa ya mwisho kwa watoto wa darasa la saba wanaotaka mazoezi ya mtihani, kwa hiari yao. Hajaridhika kabisa, lakini ameomba atumiwe karatasi ya kwanza ya maswali ili amjaribu mwanawe wa pili.

Barua ya mkuu wa shule haikuwepo. Kwa mwaka mmoja na nusu walikuwa wakitumia darasa kwa idhini ya mdomo tu, na Bi Ustawi amenifanya nisilale. Nimeiandika mwenyewe leo asubuhi, nakala tatu, na Jumatatu nitaifikisha shuleni kabla ya kwenda kazini. Tumepanga pia kufungua milango kwa wazazi tarehe 14 Machi, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Hisabati iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2019, na watoto ndio watakaowauliza wazazi maswali.

Kuhusu bao, baba mkwe wangu anayo mawili. Moja amekataa kulitoa hata kulijadili. La pili lina ufa kwenye kona na limepungukiwa kete tano, nami nimeahidiwa komwe za kujazia na jirani anayetoka Pangani Ijumaa. Vijana wanasema tusizijaze kwanza. Wanataka kuwapa watoto bao likiwa na kete 59 waone ni nini kitabaki.

Mwalimu Mstaafu (Dodoma)

Zitabaki 28, na hilo ni swali zuri kuliko langu. Niandikieni mtoto wa kwanza atakayeeleza sababu amesema nini, kwa maneno yake mwenyewe.